Neno la Siri la Mama Nkwabi

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Jamani! Mtu anastaafu ili asiangalie saa tena, nyinyi mnamfungia saa kwenye karatasi yenye maua. Nimeitundika jikoni, na nikiitazama nawakumbuka, kwa hiyo ahsanteni. Mliniomba pia niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya mwanzo, maana nimebaki peke yangu niliyeijua kampuni ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Vyeo sitavitaja, mshahara ndiyo kabisa. Nitawaeleza habari za seva yetu ya kwanza, na za mama mmoja wa Maganzo ambaye bado namfikiria kila ninapofunga mlango.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wanunuzi wa pamba hapa Shinyanga mjini, natumia taipureta iliyong'oka herufi moja, kwa hiyo kila barua niliimalizia kwa kalamu. Dada Zarina alikuja kuchapisha barua zake, akaniona ninavyojaza zile herufi moja moja bila kununa, akasema, "Wewe Kabula una subira. Njoo kwangu, nina kitu kinachotaka subira kuliko hicho."

Zarina alikuwa binti wa mwenye duka la baiskeli, familia ya Kihindi ya Kiislamu iliyokuwa hapa tangu enzi za babu yake. Alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma chake, hasa cha matusi, kilikuwa safi kuliko changu. Alikwenda kusoma Dar es Salaam, akarudi na kompyuta, dishi la kuweka juu ya bati, na wazo ambalo baba yake hakulielewa hata kidogo. Mzee alimpa stoo ya nyuma ili asimsumbue mbele ya wateja.

Siku yangu ya kwanza nilitegemea kufundishwa kompyuta. Nilipewa kitambaa. "Adui wa kwanza wa seva hapa kwetu ni vumbi," akasema Zarina. "Wezi watafuata." Basi nikawa napangusa. Tulitundika kanga mbichi dirishani ili zinase vumbi, tukapanga betri za magari chini ya meza kwa ajili ya umeme ukikatika, na ulikatika ulivyotaka. Ile seva tuliipa jina la Bibi, kwa sababu ilitaka baridi, utulivu, na isisumbuliwe. Ikigoma tulisema Bibi amelala, na wateja walielewa na kurudi kesho yake. Leo mkimwambia mteja hivyo atawapeleka mahakamani.

Kazi yenyewe ilikuwa hii mnayofanya nyinyi: mtu anapangisha nafasi ndani ya Bibi, anaweka ukurasa wake wa mtandao, na aliye mbali popote duniani anausoma. Wateja wetu walikuwa wanunuzi wa pamba, madalali wa almasi wa Maganzo, zahanati moja, na gesti mbili tatu. Wote ungeweza kuwaalika kwenye harusi moja na wali ukabaki. Kila mmoja alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akanywa chai, kisha Zarina akamwambia achague neno la siri, ambalo ndilo lingekuwa ufunguo wake wa kuingilia na kubadilisha ukurasa. Kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Chagua neno usiloweza kulisahau hata ukishtuliwa usingizini."

Mnaona tulipokuwa tunaelekea? Sisi hatukuona.

Mchana mmoja aliingia Baba Zainabu, dalali wa almasi, mtu mnene mwenye sauti nene zaidi. "Zarina! We Zarina! Simu yangu imekauka! Wanunuzi wangu wote wanampigia mtu mwingine!" Tukafungua ukurasa wake. Kweli, namba ya simu ilikuwa imebadilishwa, ikawekwa ya dalali mwenzake wa jirani. Mengine yote yalikuwa palepale, mpaka picha yake akiwa amevaa suti ya kuazima. Zarina alichungulia kumbukumbu za Bibi, zinazoonyesha nani kaingia na kwa njia gani. Hakukuwa na kitasa kilichovunjwa. Aliyeingia alipita mlangoni, ufunguo mkononi.

"Neno lako umempa nani?" Zarina akauliza.

"Sijampa mtu! Hata mke wangu halijui!"

"Ni lipi?"

Baba Zainabu akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akainama akamnong'oneza sikioni. Kabla hajainuka, mama mmoja muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alipita nje na ungo wake kichwani, akaona gari la dalali alilolizoea, akapaza sauti: "Baba Zainabu! Za huko Maganzo, Baba Zainabu?"

Zarina alinitazama, nami nikamtazama. Baba Zainabu alikuwa bado anajiuliza mwizi wake ni mganga wa aina gani.

Tuliwaita wateja mmoja mmoja. Baba Masele, neno lake masele. Mama Ashura, ashura. Mzee wa zahanati alituletea ugumu kidogo kwa kuwa alitumia jina la mtoto wa pili, tukampongeza. Mji mzima ulikuwa unatangaza funguo zake kutwa nzima, sokoni, msikitini, kanisani na stendi. Mimi la kwangu lilikuwa gumu, lakini msinisifu. Sikuwa na mtoto.

Nataka mwelewe, wala si kwamba walikuwa wajinga. Waliambiwa wachague neno wasiloweza kulisahau. Mzazi atachagua lipi lingine?

Basi tukaanza kumrekebisha Bibi. Zarina alifunga milango yote iliyokuwa wazi bila sababu, maana kumbe seva inakuja na milango mingi ambayo hata hukuiomba. Tukaweka kwamba mtu akikosea neno mara kadhaa anazuiwa mpaka atupigie simu. Tukawa tunatunza nakala za kurasa zote kwenye diskette, ndani ya kopo la maziwa ya unga, ndani ya sefu ya baba yake. Na kila mteja akaja kuchagua neno jipya. Huko ndiko nilikotoka jasho. Mmoja alichagua jina la fahali wake. Nikamkatalia, kwa sababu fahali huyo alikuwa anajulikana kuliko mwanawe. Niliwafundisha watunge sentensi ya mambo yao wenyewe, wachukue herufi ya kwanza ya kila neno na kuchanganya na tarakimu. Walilalamika, wakazoea. Akabaki Mama Nkwabi peke yake.

Mama Nkwabi alikuwa na gesti Maganzo, ile ya bati jekundu karibu na barabara. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia moja iliyonichekesha: kila wiki siku ya gulio alipanda gari mpaka mjini, akaja ofisini na kuniomba nimfungulie ukurasa wa gesti yake na kumsomea wote, neno kwa neno. Nilikuwa nadhani ni maringo ya mfanyabiashara. Namsomea: vyumba vitano, maji ya kuoga ya moto, chai ya tangawizi. Yeye anasikiliza amefumba macho, anashukuru, anaondoka. Hata kusoma alikuwa anajua vizuri, ila miwani alisema inamwumiza.

Nilipokuwa napitia kumbukumbu za Bibi baada ya lile sekeseke, nikaona kuna mtu anaingia kwenye ukurasa wake kutoka Mwanza. Si mara nyingi, lakini anaingia, anabadilisha neno moja au mawili, anatoka. Nikamwita Zarina. "Mwizi wa pili huyu," nikasema. "Nenda kwa mwenyewe," akasema. "Usirudi bila neno jipya."

Nilimkuta Mama Nkwabi uani anaanua mashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jua lote hili umekuja na miguu toka barabarani? Kaa kwanza."

Akaniletea chai na michembe. Nikamweleza yote: kwamba wateja wote wamebadilisha maneno, na kwamba kuna mtu anaingia kwenye ukurasa wake kutoka Mwanza, tena anaharibu maandishi yake.

"Yaya," akasema, hapana yetu ya Kisukuma. "Haharibu."

Akainuka, akachungulia nyuma ya nyumba, akarudi na kukaa karibu yangu. "Baba watoto yuko zizini," akasema taratibu. "Huyo si mwizi. Ni Nkwabi."

Nkwabi alikuwa mwanawe wa kwanza. Ndiye aliyeutengeneza ule ukurasa alipomaliza kidato cha nne, kabla mimi sijaajiriwa, kwa sababu alizipenda kompyuta kuliko ng'ombe. Baba yake alitaka ashike ng'ombe. Wakagombana, mtoto akaondoka kwenda kuchimba dhahabu, kwanza kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Bugarama, baadaye akasogea Geita, na wachimbaji mnawajua, leo shimo hili, kesho lile, hakuna anwani wala simu. Baba yake akasema jina la huyo mtoto lisitajwe tena ndani ya nyumba yake.

"Sasa mwanangu, mimi naitwa nani?" akaniuliza. "Na yeye mwenyewe huko mnadani wanamwita Baba Nkwabi mpaka kesho. Jina kalifukuza ndani, linamsubiri nje. Humu ndani mimi ananiita 'wewe'. Wewe leta maji. Wewe funga mlango. Miaka inapita, naitwa wewe."

Mara moja moja, Nkwabi akifika Mwanza kununua vifaa, anaingia kwenye duka lenye kompyuta, anafungua ukurasa wa mama yake na kubadilisha kitu kidogo. Chai ya tangawizi ikawa chai ya tangawizi tamu kuliko zote. Safari nyingine, maji ya moto yakawa maji ya moto sana. Hakuandika salamu wala jina, kwa kumwogopa baba yake. Lakini mama alijua.

"Kila mvua ikinyesha nasikia shimo limefukia watu," akasema. "Silali. Halafu nakuja kwako, unanisomea, nasikia neno limebadilika, nasema ahaa, yu hai. Sasa nyinyi mnataka nibadilishe lile neno. Aje apige hodi likatae? Atasema hata mama amenifungia."

Nilishindwa kunywa ile chai. Nilikuwa nimemsomea wiki zote zile, haraka haraka, huku nafikiria mambo yangu. Nilirudi mjini bila neno jipya.

Zarina alikuwa mkali katika mambo ya kazi, nanyi mnajua kwamba ukali wangu niliurithi kwake. Nilimweleza nikitegemea kufokewa. "Kabula, mlango mmoja ukiwa wazi, nyumba nzima iko wazi," akasema. "Akiingia mtu mbaya kwa jina la Nkwabi, atafika kwa Baba Zainabu, atafika zahanati. Siwezi." Akazungusha kalamu mezani. Kisha akainuka, akaenda dukani kwa baba yake. Nikasikia makopo ya grisi yanaanguka na mzee analalamika kwa Kigujarati. Akarudi amekumbatia kompyuta kuukuu ambayo mzee alikuwa ameigeuza kuwa meza ya makopo.

"Basi atakaa kwenye nyumba yake peke yake," akasema Zarina. "Neno lake lile lile. Lakini kutoka humo hakuna njia ya kwenda kwa Bibi. Mwizi akiingia atakuta gesti na chai, anywe, aende zake."

Tuliipangusa ile mashine na kuifufua. Ilikuwa na mlio kama pancha ndogo, lakini ilifanya kazi. Tukahamishia humo ukurasa wa Mama Nkwabi, tukautenga kabisa, na nikapewa jukumu la kuulinganisha kila asubuhi na nakala tuliyoitunza, ili nijue kilichobadilika na nijue kama mkono ni ule ule. Mnapotenganisha wateja siku hizi kila mmoja na uzio wake, mnadhani ni mambo ya kisasa. Sisi tulianza kwa sababu ya mama mmoja aliyetaka mlango wake usifungwe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Nililinganisha ule ukurasa kila asubuhi kabla sijavua koti, na kila asubuhi ulikuwa vile vile. Mama Nkwabi alikuja, nikamsomea polepole, akaondoka. Zarina alianza kuniuliza "Vipi?" kabla hata ya salamu.

Siku moja ya gulio aliingia mzee mmoja wa kofia na fimbo, ananukia zizi. Alisalimia kwa Kisukuma, akakaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Mimi ndiye mwenye gesti ya bati jekundu," akasema. "Mke wangu anakuja huku kila wiki. Anakuja kusoma nini?"

"Baba, samahani. Mambo ya mteja hatuyasemi."

Nilidhani atanipiga kwa ile fimbo. Akatikisa kichwa polepole. "Vizuri. Basi sikuulizi, nasema mimi. Zamani alikuwa akitoka huku anarudi anaimba, na mama asiyejua mwanawe aliko haimbi. Nikajua kuna habari anaipata. Sasa tangu mvua zimeanza haimbi tena." Akajipangusa uso kwa kofia. "Binti, gesti ile ina vyumba sita. Huko kwenu imeandikwa vingapi?"

"Vitano, baba."

"Cha nne alikuwa analala yule. Nilikifunga mwenyewe, ufunguo natembea nao." Akaingiza mkono mfukoni, akautoa, ufunguo mdogo wenye kamba ya katani. "Andika sita. Andika chumba namba nne kiko wazi."

Dada zangu na kaka zangu, mikono yangu ilikuwa tayari iko juu ya herufi. Nilitaka kuandika kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini ukurasa haukuwa wake. Kama kuna jambo moja Zarina alinifundisha, ni kwamba mlinzi anayevunja utaratibu kwa huruma ataulegeza pia kwa ubaya.

"Baba, ukurasa ni wa mama," nikasema. "Lazima aniambie mwenyewe."

Zarina alikuwa amesimama mlangoni. "Yuko mbele dukani," akasema. "Anaulizia bei ya tairi la baiskeli."

Mzee akainuka. Akaenda mpaka mlango wa kuingilia dukani, akashika fremu. Akakohoa. Mimi nilidhani atasema "wewe."

"Mama Nkwabi!" akaita. "Mama Nkwabi, njoo huku!"

Liliitika duka zima. Baba yake Zarina aliacha kuhesabu spoku. Mama Nkwabi alikuja taratibu, mikono kifuani, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni kabla hajatufikia. Hawakushikana, wazee wetu hawakuwa na mambo hayo mbele za watu. Mzee alimwekea tu ule ufunguo kiganjani, akamkunja vidole.

"Andika, mwanangu," Mama Nkwabi akaniambia. "Andika anavyosema baba yake."

Nikaandika: Chumba namba nne kiko wazi.

Tukasubiri. Mvua zikapungua, pamba ikaanza kufunguka, Bibi akalala na kuamka mara nyingi. Sasa walikuja wote wawili siku ya gulio, na mzee ndiye aliyeniambia, "Rudia hapo kwenye namba nne." Narudia. Kiko wazi. Wanashukuru, wanaondoka, na mimi nakwenda kulia chooni, hilo nalisema bila aibu.

Halafu asubuhi moja niliwasha, nikalinganisha, macho yangu yakakwama. Nilimwita Zarina kwa sauti iliyomleta na kijiko cha chai mkononi. Palipokuwa na maneno yangu paliandikwa: Chumba namba nne kimechukuliwa.

Tulimtuma dereva wa gari la Maganzo. Mama Nkwabi alifika hata kabla sijanywa chai. Nilimsomea mara moja, akaniomba nirudie, kisha akainuka.

"Unakwenda wapi, mama? Si ukae kidogo?"

"Nikaanike godoro," akasema. "Litakuwa na unyevu."

Nkwabi alipokuja ofisini alikuwa kijana mwembamba, kucha zimeingia udongo mwekundu, anamwamkia kila mtu mpaka mimi niliyekuwa rika lake. Mama yake alikuwa ameshika mkono wa shati lake kama anaogopa upepo. Nkwabi aliitazama ile mashine kuukuu iliyokuwa bado inalia kwenye kona yake, akauliza kwa nini gesti yao imetengwa na wengine.

Mama alinigeukia mimi.

"Haya mwanangu," akasema. "Sasa fungeni."

Nkwabi akakaa, akatunga neno jipya lenye herufi na tarakimu, hakulitamka. Tukafunga.